Mkaguzi Ndani ya Kopo

4 Machi

Kaka,

Magunia kumi yamefika. Dereva wa lori aliyabwaga mlangoni, akakataa hata maji ya kunywa, akasema wewe ni mzima ila simu yako imekufa tena. Hii ni ya tatu tangu mwaka jana. Simu gani hizo zinazokufa kama kuku wa kideri? Basi tuandikiane, na dereva atatubebea kila akipita. Kusema kweli nimefurahi. Kwenye simu wewe ni "sawa, sawa, haya", halafu salio limekwisha na mimi sijajua lolote.

Nimefanya ulivyoagiza: sikuyafua, kwa kuwa ulisema yakiingia maji nyuzi hulegea. Niliyakung'uta tu uani mpaka nikapiga chafya kumi mfululizo. Manne nimeyafumua nikashona mfuko mpya wa godoro la watoto, maana ule wa zamani Kisoda ameuozesha kwa kukojoa, na bado anasema lile ni jasho. Kitambaa ni kizuri, kizito. Nimejisifu mwenyewe.

Habari kubwa ya nyumba ni hii, na nakuomba uisome umekaa. Watoto wako wamefuga mdudu. Ni kivunjajungu wa kijani, mrefu kama kidole changu cha kati. Walimkuta Jumapili kwenye kamba ya nguo, amening'inia kwenye soksi yako ya zamani. Wamemweka katika lile kopo kubwa la plastiki la peremende, wakatoboa mfuniko kwa msumari. Wanamlisha nzi. Anageuza kichwa kukufuata kila unakokwenda, kama mtu aliyetumwa na ofisi kuja kukuchunguza, kwa hiyo wamemwita Mkaguzi. Hakimu, ambaye tangu atimize miaka minane anatuhukumu wote humu ndani, ametunga sheria na kuzibandika ukutani: hakuna kumtikisa Mkaguzi, hakuna kumpulizia pumzi, Kisoda haruhusiwi kumwonjesha uji.

Nilitaka kukataa. Lakini tangu mama yao atutoke sijawahi kuwaona wale wawili wamekaa pamoja saa nzima bila kupigana. Nimewaacha.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Uliniambia nisome nimekaa. Nilisoma nimesimama, na nilipofika kwa huyo mdudu nikakaa mwenyewe.

Umefikiri kweli? Mimi ni mnyunyizaji dawa. Miaka kumi na mitatu naua wadudu kwenye maghala ya nafaka: dumuzi, fukusi, nondo, kila chenye miguu sita. Watu wakiona kidudu kimoja kwenye mahindi yao wananiita mimi. Sasa nyumbani kwangu mdudu ana kopo, ana jina, ana wahudumu wawili na amewekewa sheria! Nilimsomea mwenzangu Chepe sehemu hiyo, akacheka mpaka akashika ukuta. Ghala zima sasa linaniamkia "Baba Mdudu, shikamoo." Hata mlinzi wa geti. Hata mpishi, ambaye tangu nimjue hajawahi kutania mtu.

Mtoe. Leo, siyo kesho. Nimekuachia watoto uwalee, sikukuachia ufungue hifadhi ya wanyama.

Simu ni kwa ajili ya ile dawa ya vidonge. Moshi wake unakula shaba, unaingia ndani ya simu na kumaliza nyaya. Saa za ukutani hapa zote zimesimama. Siyo ajabu, ndiyo kazi yenyewe.

Mimi ni mzima kabisa. Kichwa kinauma kidogo jioni, ni jua tu. Nafurahi magunia yamefaa. Msimamizi anatugawia kila msimu kama zawadi, na wenzangu wote wamepeleka kwao. Yakija mengine nitaleta.

Kaka yako

19 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mwanao wa kwanza. Shangazi hajanisaidia kuandika ila maneno mawili, "hukumu" na "dhuluma".

Baba umesema Mkaguzi atolewe. Hiyo ni dhuluma. Wewe hujamwona, na mtu hahukumiwi bila kuonwa. Wewe unaua wadudu wanaokula mahindi. Mkaguzi hali mahindi, tulimwekea akageuza uso. Anakula nzi na mbu. Kwa hiyo wewe na yeye kazi yenu ni moja, ila yeye hapewi mshahara.

Kisoda alikalia mfuniko ukavunjika. Alisema ulivunjika wenyewe. Shangazi akakata kipande cha gunia lako, akafunika kopo na kufunga kwa lastiki. Ni pazuri zaidi, hewa inaingia, na Mkaguzi anapenda kuning'inia pale kwenye kitambaa miguu juu.

Kisoda anakohoa usiku na ananitemea mate shingoni. Shangazi anampa asali. Anadanganya kikohozi ili apewe asali, lakini usiku anakohoa amelala, sasa sijui anadanganyaje amelala.

Baba ukija utamwona Mkaguzi halafu ndiyo uhukumu.

Hakimu

24 Machi

Kaka,

Furahi. Mkaguzi amekufa.

Amekufa vibaya. Ijumaa jioni alianza kutembea kama mlevi, miguu inamtetemeka, anajaribu kupanda ukuta wa kopo anaanguka. Jumamosi asubuhi alikuwa chali. Na barua yako Hakimu ameisoma, maana niliiacha juu ya meza kwa uzembe wangu, na sasa anaamini wewe ndiye uliyemuua ukiwa huko huko. "Baba alisema atoke, na ametoka." Hajalia. Amekunja uso tu, na mimi ningependa angelia.

Nilimgeukia Kisoda. Nilikuwa na hakika ametikisa kopo, au amemmwagia kitu. Alikula kiapo kwa kila anachokijua, mpaka kwa meno yake yatakayoota. Sikumwamini. Nikamtandika maneno makali na kumlaza mapema, akalia kitandani huku anakohoa hadi akatapika. Zahanati wamesema ni mafua ya msimu, wakampa dawa ya maji. Siku ya tano leo na haijasaidia.

Jana wameleta mwingine kutoka kwenye uzio wa shule. Mkaguzi wa Pili. Sikuwazuia na sitawazuia, Kaka. Kama wenzako wanacheka, waache wacheke. Unajali kuitwa Baba Mdudu mbele ya mpishi kuliko uso wa binti yako.

Na jambo jingine. Mimi kwenye kiwanda chetu cha uchapaji kazi yangu ni kusoma prufu za vitabu kutwa nzima, natafuta herufi iliyokosea kati ya elfu kumi sahihi. Barua yako ya mwisho herufi zake zinaning'inia. Mstari unaanza juu unaishia chini. Kwa nini?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Poleni na msiba. Sikumuua mimi, mwambie Hakimu baba yake hana mkono mrefu hivyo. Mwambie pia nilinyamaza dakika nzima kwa heshima ya marehemu, na Chepe akavua kofia. Ni kweli. Alivua kwa utani, lakini alivua.

Usinisome kama prufu. Niliandikia juu ya rundo la magunia, hakuna meza huku. Ndiyo maana ya mistari kwenda mrama.

Wewe una elimu yako na mimi nina yangu. Mtu mwingine akitaka kujua kama dawa ya unga bado ina nguvu, anasoma karatasi. Mimi nachota kidogo kwa ncha ya kidole, naonja. Ikichoma ulimi, ni nzima. Isipochoma, naongeza. Hapa hakuna mwingine anayeweza, hata Chepe anatema. Msimamizi akija na wageni huniita mimi niwaonyeshe. Kwa hiyo ukisikia nimechoka, jua ni uchovu wa mtu anayetegemewa.

Kisoda mpe dawa na umfunike vizuri. Nimetuma magunia mengine sita, yametoka kwenye shehena jana tu. Mshonee blanketi, liwe zito.

Kaka yako

13 Aprili

Kaka,

Mkaguzi wa Pili amekufa. Vile vile kama wa kwanza: kulewa, kutetemeka, kuanguka, chali. Siku nne tangu tumtoe kwenye kikapu alimokaa mwanzo na kumhamishia kwenye kopo safi. Safari hii kopo nilikuwa naliweka mimi juu ya kabati ambapo Kisoda hafiki, na mfuniko ulikuwa ule ule wa gunia.

Nilikaa jikoni nikaliangalia lile kopo muda mrefu. Halafu nikachukua glasi mbili. Hakimu na Kisoda wakanikamatia nzi, watano kila glasi. Moja tukaifunika kwa gunia lako, nyingine kwa kipande cha shuka ya zamani. Hakimu akaandika saa kwenye daftari. Tulianza saa tatu asubuhi. Saa saba nzi wote watano wa gunia walikuwa kwenye kitako cha glasi miguu juu, na wale wa shuka walikuwa wanaruka na kutukana. Tukarudia kesho yake na nzi wengine. Vile vile.

Kaka, watoto wako wamelala juu ya kitambaa hicho wiki sita. Kisoda analala kifudifudi, mdomo wazi, unamjua. Nimeutoa mfuko wa godoro, nimeutia ndani ya nailoni tatu pamoja na magunia yaliyobaki na yale sita mapya na kuufunga kwa kamba. Mikono yangu niliiosha mpaka ngozi ikakunjamana. Mimi ndiye niliyeshona. Mimi, mwenye shahada, ninayesahihisha kitabu cha sayansi cha darasa la nne, nilikaa hapa naimba huku nashona sumu kwa uzi maradufu ili isifumuke. Na nilimtandika maneno mtoto wa miaka mitano kwa kosa langu mimi.

Lakini hasira yangu haiishii kwangu. Nani alisema hayo magunia ni zawadi? Nani alisema yasifuliwe? Unaniambia dawa ya vidonge inakula shaba, imeua simu tatu na saa zote za ukutani, halafu unaniambia ile ya unga unaionja! Mapafu yako ni ya nini, Kaka? Ya chuma? Unavaa nini mikononi? Unajifunika nini puani? Nijibu hilo, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Acha kuonja. Leo, siyo kesho. Nenda kwa daktari umwambie kazi yako. Na usitume gunia jingine katika nyumba hii.

Mdogo wako

20 Aprili

Kwa mdogo wangu,

Nimepokea barua yako. Sikutegemea kwamba katika maisha yangu nitaandikiwa na mtoto niliyembeba mgongoni kuwa nawaua wanangu kwa sumu.

Dawa hiyo unayoitukana ndiyo iliyokusomesha. Ada yako ya shule, viatu vyako, miwani yako ya kusomea hizo prufu, vyote vilitoka kwenye unga huo. Haukukuwasha wakati ule. Magunia hayo hayo mimi nalalia, wenzangu wanalalia, na tuko hapa tunapakua na kupakia. Nzi watano kwenye glasi siyo utafiti. Nzi hufa. Watoto hukohoa. Wewe hujazaa, hujui kwamba watoto hukohoa.

Nimeamua hivi. Shule zikifungwa, dereva atawapitia watoto tarehe tisa Mei, waje wakae nami huku kwenye nyumba za wafanyakazi. Ziko jirani kabisa na ghala, ukuta mmoja, nitakuwa nawaona kutwa. Uwafungashie na nguo zao zote. Wewe upumzike na vitabu vyako.

Ni mimi kaka yako

27 Aprili

Kaka,

Siwatoi.

Nimeandika neno hilo peke yake ili ulione. Dereva akija atakuta mlango umefungwa, na mimi nimekaa nyuma ya mlango kwenye kiti. Umtume na mlinzi wa geti ukitaka, umtume na mpishi.

"Ukuta mmoja na ghala." Umeandika sentensi hiyo kama mtu anayesifia nyumba yenye bustani. Yaani nimeondoa sumu chini ya godoro, na wewe unataka kuleta godoro kwenye sumu.

Ndiyo, sijazaa. Lakini tangu tarehe kumi na mbili nimelala chini, kando ya kitanda cha watoto, nahesabu. Usiku wa kwanza bila lile gunia Kisoda alikohoa mara thelathini na moja. Wa tatu, kumi na nne. Wa sita, mbili. Tangu wa nane hajakohoa. Zile dawa za zahanati nilikwisha kuziacha. Nilirudi kwa daktari na kipande cha gunia ndani ya nailoni, akavaa glovu kabla hata sijamaliza kueleza. Akaniuliza: "Baba yao anajisikiaje? Mikono yake ikoje?" Nikamwambia mimi namjua kwa barua tu.

Na sasa tuje kwenye barua. Hii ya mwisho haikuandikwa na wewe. Mistari imenyooka kama reli. Wewe "g" yako ina mkia mfupi, huyu anaupinda kama ndoano. Wewe hujapata kuniandikia "kwa mdogo wangu". Nani amekushikia kalamu, na kwa nini? Kama ni hasira imekutetemesha, nitumie barua yenye hasira inayotetemeka, nitaisoma. Kama siyo hasira, basi unajua ninachokiogopa, na umenitukana ili nisiulize.

Nimemwandikia pia msimamizi wako. Ukasirike tu.

Mdogo wako

4 Mei

Ofisi ya Msimamizi wa Maghala

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAGUNIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi imepokea barua yako ya tarehe 27 Aprili. Unafahamishwa kwamba magunia yaliyotumika hugawiwa wafanyakazi kama motisha kwa hiari yao, na ofisi haihusiki na matumizi ya nyumbani. Kumbukumbu zinaonyesha wafanyakazi wote wamepewa vifaa vya kujikinga.

Aidha, unashauriwa kutofuga wadudu katika makazi ya watu kwani ni hatari kwa afya ya watoto.

Nakutakia kazi njema.

Msimamizi

14 Mei

Mdogo wangu,

Anayeandika ni karani wa mizani, ndiye aliyeandika na ile nyingine. Safari hii namtamkia neno kwa neno, na ameapa hatanipamba wala kuninyoosha. Mikono yangu haishiki kalamu tangu mwezi wa nne. Kikombe nashika kwa miwili. Nilikuficha. Lile neno kwamba hujazaa nalirudisha mdomoni mwangu, na ni chungu kuliko ule unga.

Dereva sikumtuma. Sikiliza kwa nini.

Barua yako ya "siwatoi" nilisomewa, nikapandwa na hasira hata chakula sikuonja. Nikasema nitakuaibisha. Tarehe saba nikamtafuta kivunjajungu kwenye nyasi za uzio, nikampata, mkubwa, wa kahawia. Nikaomba kopo la chumvi jikoni, nikafunika kwa gunia lililotoka kwenye shehena siku ile, nikaliweka juu ya mizani katikati ya ghala, kila mtu alione. Nikawaambia kesho nitamwandikia dada yangu msomi kwamba mdudu wake anaimba. Saa nne asubuhi. Watu wakacheka, kila anayepita na mzigo anachungulia. "Baba Mdudu, mwanao anakuamkia!" Chepe alisema anampa mpaka Krismasi.

Saa nane alikuwa anapepesuka. Kicheko kikapungua. Saa kumi akaanguka chali, miguu inachezacheza. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja tumezunguka mizani kama watoto. Halafu miguu ikaacha kucheza.

Mimi nilikuwa namwangalia mdudu. Kumbe wenzangu walikuwa wanaiangalia mikono yangu.

Chepe ndiye aliyeanza. Alisema taratibu, kama anajiambia mwenyewe: "Mke wangu alinishonea nepi." Nikamuuliza nepi gani. "Za mtoto. Ana miezi mitano. Nilimwambia asizifue kwanza, nyuzi zitalegea." Halafu akakaa juu ya sakafu, mtu mzima yule, akawa anajipiga paji la uso kwa kofia yake.

Ni mimi niliyewaambia wote wasifue. Miaka mitano iliyopita niliyaona magunia yaliyofuliwa yanapoteza umbo, nikasema kama fundi, wakaniamini kama fundi.

Siku ya pili tulibeba kila gunia tulilokuwa tumelalia tukayarundika getini mpaka lori likashindwa kupita. Tukasema hatuingii mpaka tupewe glovu, barakoa na daktari. Msimamizi alikuja na karatasi. Ilisema nimepokea glovu tangu siku ya kwanza ya kazi. Akasema nitie saini, mambo yaishe, nihamishiwe kwenye ofisi nikae kwenye kiti. Nikamwonyesha mkono wangu, nikamwambia huu hausaini. Akatuma waje na kidau cha wino, nitie dole gumba. Nikaweka mikono mfukoni.

Tisa walifanya kama mimi. Mmoja alitia dole, simlaumu, ana watoto wanne shuleni. Sisi kumi tumeachishwa kazi. Daktari wa hapa amenipima macho na mikono, amesema nikikaa mbali na dawa huenda ikatulia, na huenda isitulie. Hakunificha, nami sikufichi.

Narudi nyumbani na basi la Jumamosi tarehe ishirini na tatu. Nguo zangu zote naziacha huku, nimeazima za karani. Lakini ngozi sijui ina nini, wala nywele. Nitaanza kunyoa. Tafadhali niwekee maji na sabuni nje, uani, nioge kabla sijaingia. Na watoto, najua wakiniona kwenye kona watakuja mbio. Waambie wasinirukie. Waambie baba amesema wasimame mlangoni, wasinishike kwanza. Sijui utawaelezaje. Mimi nimejaribu kumtamkia karani maelezo mara tatu nikashindwa.

Kaka yako

20 Mei

Kaka,

Dereva amesimama mlangoni na injini inanguruma, kwa hiyo naandika haraka.

Njoo. Kitanda chako ni kile kile. Usiniombe radhi ukifika, sitaki, hasira niliyo nayo haikutoshi wewe peke yako na nitaihitaji kwa ajili ya huyo mtu wa "husika na kichwa cha habari". Barua yake nimeibandika ukutani. Kila asubuhi nikipiga mswaki naisoma ile sehemu inayonishauri kuhusu afya ya watoto, nami naondoka kwenda kazini nikiwa macho kabisa. Niletee majina ya wote kumi, ya yule aliyetia dole pia, na miaka waliyofanya kazi, na nani alipewa glovu lini. Wakili mmoja huchapa vitabu vyake kiwandani kwetu. Nimeshamsimamisha kwenye ngazi mara moja, na nitamsimamisha tena.

Mke wa Chepe nimemwandikia kabla sijakuandikia wewe. Barua yake iko kwa dereva huyu huyu, atapita kwake kwanza, ameniahidi. Nimemweleza afanye nini na zile nepi, ampeleke mtoto wapi na aseme nini akifika, neno kwa neno, ili wasimwambie ni mafua ya msimu.

Watoto nimewaeleza. Nilidhani itakuwa vigumu. Niliwaambia kazi ya Baba imemwachia unga mwilini ambao si mzuri, na hataki uwaguse, kwa hiyo watasimama mlangoni mpaka aoge. Kisoda akauliza kama anaruhusiwa kukupungia. Nikasema anaruhusiwa. Hakimu alikunja uso ule wake, nikajua hukumu inakuja.

"Kwa hiyo Baba atakaa bila kushikwa mpaka lini?"

"Mpaka amalize kuoga."

"Basi si maji yawekwe sasa hivi?"

Basi lako ni la Jumamosi. Leo ni Jumatano, na Kisoda ameshajaza ndoo mbili.

Mdogo wako